Tone la chai kwenye mchoro wa Vaileth

Mama Kalisti, leo nina kinyaa na mtu.

Unaijua kazi ya mjukuu wangu Vaileth chuoni. Anachora nukta zilizounganishwa kwa mistari isiyokatana, kila nukta anaipa namba, na namba za nukta jirani lazima zipishane angalau kwa mbili. Miezi minane anachorea kwenye meza yangu ya jikoni hapa Hyattsville.

Leo mwenzake Ryan kasimama mbele ya walimu na mchoro uleule. "Nimeugundua mwenyewe." Mwenyewe! Vaileth yuko nyuma kaikumbatia karatasi yake. Mama mmoja wa ofisini akamshika bega, Mungu ambariki.

Halafu Vaileth akaona kwenye mchoro wa Ryan nukta ya ziada, Ryan kaipa namba kumi na moja. Shoga, lile ni tone la chai yangu! Lilidondokea karatasi aliyoiazima Ryan Jumapili akaitolee kopi, tena kashiba maandazi yangu.

Vaileth akanyoosha mkono. "Hiyo nukta imetoka wapi?"

Vaileth akaitoa karatasi yake yenye doa la chai, akampa profesa.

Profesa akamgeukia Ryan. "Kwa nini kumi na moja?"

"Tulisaidiana," eti. Tulisaidiana!

Profesa akampa Vaileth chaki, naye mtoto akaeleza yote mwenyewe hadi mwisho.

Sasa hivi huyo Ryan kapiga simu, bila haya, anabembeleza waandike majina mawili kwenye hiyo kazi. Vaileth, unavyomjua hawezi kumkatalia mtu, kamsikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, Ryan."

Kisha akaomba chai.