Nyuki Mdoezi wa Kinamasi cha Mama

Bonde la Kinloch,
Cape Breton.
Jumatatu, 22 Julai

Mpendwa kaka Lorne,

Salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo huko Alberta? Goti limepata nafuu? Colleen na mapacha hawajambo? Sisi tu wazima, ila paka wa marehemu mama amezidi ukorofi.

Kaa kitako kwanza. Krismasi ulinitania mbele ya ukoo mzima: "Murdina, nionyeshe huyo nyuki wako kabla Hector wa lori hajaleta changarawe, nami gereji nitaijenga kwingine. Kinamasi cha mama sikigusi." Mlicheka sana. Sasa zamu yangu.

Unamkumbuka: yule mdoezi asiyejenga wala kutafuta chakula, hutaga tu kwenye kiota cha nyuki wa mafuta, wale wanaokusanya mafuta ya maua ya njano, kama wewe ulivyokuwa ukihamia kwa shangazi Effie kila akipika supu ya samaki.

Kumbe kiangazi chote cha mwaka jana nilichunga maua siyo! Yale ya njano ya kibarazani ni ya dukani, yametoka ng'ambo, na nyuki wetu hawakuyajali. Safari hii nilivaa mabuti ya baba nikaingia kinamasini, kwenye yale madogo ya mwituni. Mbu wamenila mpaka masikio.

Jumanne asubuhi Hector akaingia na lori lake, honi juu.

"Toka humo, dada, nimwage mzigo!"

"Zima hilo dude, uje uone!"

Akaja akinung'unika. Na huyo hapo, mweusi, mfupi, akinyemelea tundu la mwenyeji wake. Nilipiga picha nikazituma makumbusho ya Halifax. Ijumaa walinipigia: ndiye hasa, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwona pande hizi. Nililia kwa furaha, Lorne. Mama angecheza.

Jumanne ile Hector alivua kofia. "Ala! Kadudu haka ndiko kanakonikosesha kazi? Na mzigo Lorne keshaulipia, niupeleke wapi?"

Nikamwelekeza.

Basi jana mchungaji alikushukuru mimbarani kwa kutengeneza njia ya kanisa. Watu walikupigia makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Msalimie Colleen, wabusu mapacha. Mungu akutunze, goti na wewe mwenyewe.

Dada yako akupendaye, aliyekushinda,
Murdina