Kikaratasi Kilichotoka Mkebeni

Maktaba ya Shule,
Chumba cha mwisho, karibu na mabomba.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umeacha kukusumbua. Wifi hajambo? Na mapacha je, wameshaacha kugombana? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, na bado anamwonyesha kila mgeni kitabu chako, hata yule anayekuja kusoma mita ya maji.

Salamu zimekwisha, sasa nina langu moyoni. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa hiyo nisamehe nisipozunguka.

Unaujua utaratibu wa mkebe wangu. Mtoto akimaliza kitabu anaandika maoni yake kwenye kikaratasi, anakitumbukiza kwenye mkebe wa biskuti wenye kufuli, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Niliwaahidi kwamba sitamwonyesha mtu. Ndiyo maana huniandikia ukweli.

Ulipotuletea hadithi yako ya yule mtumwa mdogo anayefuta kibao cha mtoto wa bwana wake kila jioni, na kukisoma upesi kabla hajakifuta, waliigombania. Mmoja aliandika kwamba angekuwa yeye, angejiandikia cheti cha uhuru kwenye sura ya pili na hadithi ingeishia hapo. Mwingine alilalamika kwamba mvua imezidi. Nilicheka peke yangu kama kichaa, nikaona ni uchoyo kukunyima. Nikakunakilia vitano. Ukaniahidi kwenye simu kwamba utavisoma wewe tu, kisha utavichoma.

Wiki iliyopita likafika boksi la toleo jipya, nakala arobaini, zawadi yako kwa shule. Nililifungua kwa mbwembwe mbele ya darasa zima nikagawa. Kisha nikageuza nakala yangu, na kwenye jalada la nyuma nikakuta kikaratasi cha binti wa fundi wetu wa sare, neno kwa neno: "Mama yangu hajui kusoma. Barua ya shule ikija husema amesahau miwani. Hana miwani. Akipima mtu hufunga mafundo kwenye uzi, na watu hudhani ni ufundi."

Jina uliliondoa, kaka, ukadhani umemaliza. Mafundo ukayaacha. Hapa hakuna mtoto ambaye hajapimwa kwa uzi ule. Niliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja kuelekea dawati la tatu. Binti hakulia. Alifunga kitabu, akakiweka mezani kwangu pamoja na kadi yake ya maktaba, akatoka.

Umenivunja moyo, na nakwambia wazi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwenye vipande vya magazeti vya kufungia sabuni, na hukumwambia mtu hata mmoja kwamba nilikuwa nimefika darasa la nne sijui. Siri yangu uliiweza. Ya mtoto wa watu ikakushinda kwa sababu ilipendeza jaladani.

Na mimi sijitoi, maana ufunguo ulikuwa wangu. Jumatano nilikwenda kibandani kwa fundi kuomba radhi. Alikuwa ameshasikia. Kitabu alikuwa nacho, sijui alikipata kwa nani, akanipa.

"Nisomee hapo waliponiandika."

Nikasoma. Akaniomba nirudie. Kisha akauliza kama maneno yote yale binti yake ameyaandika mwenyewe, nikamwambia ndiyo. Akarudi kwenye cherehani yake. Uzi sikuuona. Shingoni alikuwa amevaa tepu mpya ya namba, na mezani palikuwa na sare tatu zilizorudishwa na wenyewe kwa sababu zinabana.

Mkebe sasa ni mtupu. Binti hapiti hata karibu na mlango wangu, na wenzake wananisalimia kwa adabu kama mgeni. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja, na sijawahi kuona aibu kukaa kwenye kiti changu mpaka wiki hii.

Nakujua. Ukimaliza kusoma hapa utachukua kalamu umwandikie fundi barua nzuri ya kuomba radhi, maana maneno hayakupi tabu. Tafadhali usimwandikie. Barua zote za nyumba ile husomwa na binti yake. Panda basi uje, ukae kwenye kigoda chake, umwambie kwa mdomo.

Nisalimie wifi, mapacha, na shangazi ukimpitia. Mungu akulinde njiani. Nimeandika "njiani" kwa sababu nakutarajia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata kwa hasira hii,
Mwenye Mkebe.