Mikeka Barazani kwa Bwana Afya

“Mama, vitanda viko wapi?” Bwana Afya akamuuliza bibi yangu.

Mwanahawa, soma tu. Mama kanisimulia sasa hivi kwa simu, na bado sijapoa.

Ni enzi za Mwingereza, hapa hapa Tabora. Bibi Eustadia ana cheti cha ualimu, anaomba kibali cha kulea watoto wa akina mama wanaouza sokoni. Nyumba safi, maji yapo, choo kipo. Yule bwana kaona mikeka tu.

“Kila mtoto na kitanda chake. Bila vitanda hakuna kibali.”

“Hawa wamezoea mgongo, Bwana. Kitandani peke yao watalia mpaka jioni.”

“Basi warudishe kwa mama zao.”

Kwa mama zao. Yaani chini ya meza za dagaa, ambako baiskeli ilishamvunja mmoja mguu.

Bibi akakunja mikeka. Akambeba mmoja kwa mbeleko, mwingine akamfunga kifuani, waliobaki wakashika khanga yake mpaka ofisini kwa Bwana Afya. Akatandika mikeka barazani, mlangoni kabisa.

“Mama, hapa ni ofisini.”

“Sema polepole, Bwana. Wamelala.”

Kibali alikipata jioni ile ile.

Na mimi leo asubuhi, nilipoomba kibali cha kituo changu cha watoto, afisa kaniambia nini? Vitanda. Miaka yote hii, vitanda.

Usinipigie kuniambia nitulie. Mwanangu Nassibu yuko mgongoni, niko barazani ofisini kwao, na mkeka nimeshautandika.