Malkia Niliyemwachia

Jumatatu, 3 Julai
Kuchuma kahawa tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Ghala la ushirika limefungwa, wanunuzi binafsi wanajipangia bei, na sisi tunachuma tu. Kichwani nacheza chesi. Jumamosi napambana na Hosea kwao Lundo, ziwani. Tunasoma chuo kimoja, na timu imebakiza nafasi moja ya mashindano ya Nairobi. Mchezo mmoja, mshindi anaenda. Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Nikikosa, basi.

Jumatano, 5 Julai
Nimemweleza baba kuhusu mchezo wa Jumamosi kule Lundo. Akauliza kama ni bao. Nikasema ni kama bao, ila lina mfalme na malkia. Akaguna, akarudi kwenye mibuni. Imeniuma. Miaka mitatu chuoni, hajui ninachokipenda.

Ijumaa, 7 Julai
Nimeteremka na lori hadi Lundo. Joto. Nalala kwa kina Hosea. Mama yake kanipikia samaki, ananiita mwanangu. Kesho nataka mwanawe aombe poo. Sijali.

Jumamosi, 8 Julai
Nimeshindwa.

Nilikuwa mbele, farasi mmoja zaidi. Nimemnyanyua malkia, nampeleka kummaliza Hosea, mlango wa darasa tulimochezea ukafunguliwa. Baba. Koti la kanisani, viatu vimejaa vumbi. Hakuniambia anakuja. Mzazi hasalimiwi ukiwa na kitu mkononi. Nikamweka malkia kwenye mraba wa karibu, nikasimama, nikampa mikono yote miwili. Shikamoo, baba. Hosea naye alisimama, lakini yeye hakuwa ameshika kitu.

Nilipoketi, mwalimu msimamizi akasema, "Umemwachia. Umecheza."

Nilimsihi. Akasema sheria ni sheria, kete ikishaachiwa kwenye mraba hairudi. Hosea hakunitazama, akamla malkia wangu kwa kitunda, kete ndogo kuliko zote. Baada ya hapo ilikuwa mazishi tu. Baba kakaa nyuma, anatabasamu, haelewi kitu.

Namchukia Hosea. Namchukia mwalimu. Baba nimejaribu kumchukia, nimeshindwa.

Jumapili, 9 Julai
Njiani nimemwambia baba nimeshindwa. Akasema nitacheza tena. Hapana. Sitacheza tena. Sikumwambia sababu.

Jumanne, 11 Julai
Tunachuma. Jirani kapita shambani, akauliza safari ya ziwani ilikuwaje. Baba akamjibu, "Nilidhani chuo kimeshaninyang'anya mtoto. Kumbe bado. Aliacha kila kitu mbele za watu, akaja kunisalimu."

Kayarudia hayo kwa jirani mara mbili. Mimi nimeinama kwenye mbuni wangu. Kikapu kilijaa kabla ya saa sita, nikaanza kingine.