Riziki na Vitabu vya Safari

Baraka, Alhamisi, 1956

Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyolowesha wala kukatika. Rasi ya Ubwari haionekani. Nimekaa barazani na chai iliyopoa, na kila nikiinua macho naona ziwa na wingu vimeshikana, sijui meli imepita upande gani.

Watoto wameondoka.

Naandika kana kwamba ni wangu. Ni wa kaka yangu. Mama yao alipofariki, Riziki akiwa bado wa kubebwa mgongoni, niliwachukua wote watatu, na kaka akaenda kutafuta kazi Albertville. Sasa ana kazi bandarini, ana nyumba ya matofali na mke mpya, naye amekuja kuchukua watoto wake. Ni haki yake. Nimejiambia hivyo wiki nzima na moyo bado umekataa. Ninachoogopa ni kimoja tu, kwamba watanisahau. Hasa Riziki, maana mtoto wa miaka mitano husahau upesi bila ubaya wowote.

Kwa hiyo niliamua kuwapa vitabu vya safari. Mwalimu ana nini kingine cha kutoa?

Hapa mtaani wananijua kwa hilo. Akina mama hunisimamisha nikitoka sokoni: "Mwalimu, mutoto wangu anajua kusoma sasa, nimupatie buku gani?" Nami hujibu kwa maringo kidogo, sikatai. Mdogo apewe herufi nene na wanyama, na karatasi ngumu, kwa sababu ataitafuna. Wa miaka tisa au kumi apewe kitabu kinachoonyesha vitu vinavyofanya kazi, na mafundisho ya tabia njema yawekwe mbali naye, atayanusa kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Kijana apewe kitabu kinachomheshimu, kisichomfokea. Nasema haya yote kama mtu anayejua.

Juzi mchana nikafungua sanduku langu la bati niwachagulie wa kwangu. Riziki nikampa kitabu cha jalada la kijani, hadithi za wanyama, picha kila ukurasa. Asende, ambaye ana miaka tisa, kitabu cha uvuvi na vyombo vya majini. Feza anaingia miaka kumi na minne. Yeye nikamwekea kitabu cha binti na nyumba yake: kupika, kushona, kupokea wageni, kunyamaza inapobidi. Najua nilichoandika hapo juu kuhusu vijana. Lakini nilimfikiria mama wa kambo asiyemjua, nikaingiwa na woga, na woga ndio uliochagua.

Asende alikipenda chake mara moja, kwa sababu kilimpa mtu wa kumcheka. "Huyu muntu hajavua hata ndagala moja," akasema, akinionyesha picha ya mvuvi aliyevaa viatu ndani ya mtumbwi. Siku ile alikula na kitabu mapajani.

Feza alisema, "Aksanti, shangazi," akakishika chake kwa adabu, kama anavyoshika kikombe cha dawa.

Riziki ndiye aliyenishinda.

Lazima nieleze kidogo. Nyumbani kwetu hadithi ni kazi ya mama yangu, ambaye watoto humwita Tate, yaani bibi. Baada ya chakula cha jioni anaita, "Hadithi!" na watoto wanaitika, "Ikuye!" yaani na ije. Asipoitikiwa anafunga mdomo, hata kama fisi yuko katikati ya kumeza mtu. Na mchana hasimulii kamwe. Anasema hadithi ya mchana humpotezea njia aliye safarini.

Basi Riziki alifungua kitabu chake, akamtazama sungura kwa muda mrefu, kisha akaita kwa sauti ya Tate kabisa, "Hadithi!" Akangoja. Asende alikuwa na mitumbwi yake. Mimi nilikuwa nakunja nguo za safari, kichwa changu kiko mbali. Hakuna aliyeitika. Mtoto akafunga kitabu, akanirudishia.

"Shangazi, kule mi nikisoma, nani ataitika?"

Nilikuwa nimewachagulia kila mmoja kitabu cha umri wake, nikasahau kwamba haijawahi kuwepo jioni hapa ambapo mtoto alikaa na hadithi peke yake.

Ni Feza aliyejibu, akiwa mlangoni, bila kugeuka. "Mi nitasoma, we utaitika." Akaja, akachukua kile cha kijani kutoka mkononi mwangu, akafungua, na hapo nikauona uso wake. Alikuwa anakitamani tangu nilipofungua sanduku. Anaingia miaka kumi na minne, ndiyo, lakini bado amebakiza jioni kadhaa za utoto, nami nilikuwa tayari kumnyang'anya ili awe salama. Niliona aibu. Niliona pia furaha, na sijui ipi ilitangulia.

Kitabu cha binti na nyumba yake kimerudi sandukuni. Riziki ameondoka bila kitabu, ana kazi yake ya kuitika tu, na hakuna aliyeridhika kuliko yeye.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo la leo asubuhi.

Meli ilikuwa imekwisha kuachana na nchi kavu. Riziki alikuwa juu ya bega la baba yake, halii, ananitafuta kwa macho kati ya watu. Aliponiona akaita kwa nguvu zake zote, "Hadithi!"

Nilipunga mkono. Nilipunga tu, kama mtu yeyote pale ufukweni, na meli ikazidi kwenda.

Tangu niliporudi nyumbani nalisikia neno lile juu ya maji, halina mwenziwe. Saa nane nimeshindwa kuvumilia, nimemwendea mama jikoni, nikamwomba aanze hadithi, hata fupi, sasa hivi, ili niitike. Amenitazama kama mwendawazimu.

"Batoto bangali ku mayi," akasema, akielekeza kidevu ziwani. "Unataka bapoteze njia?"

Kisha akageukia mihogo yake, akajisemea taratibu: "Hata jioni, sasa nani ataitika?"

Ni swali lilelile la Riziki. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna mwingine ndani ya nyumba hii aliyeachwa na watoto leo. Tangu nipate ualimu, saa ya hadithi mimi hukaa pembeni na kazi za wanafunzi. Sijaitika tangu nikiwa msichana.

"Mi, mama," nimemwambia. "Mi nitaitika."

Ameniachia nafasi kwenye mkeka, nikaketi, nikamenya naye.

Sasa mvua imepungua, ncha ya Ubwari inaanza kutokea, na jua liko mahali fulani nyuma ya wingu, halina haraka. Nimejaribu neno la kuitikia, "Ikuye," kwa sauti ndogo. Ni fupi, sijui kwa nini asubuhi lilinishinda. Jua likizama tu, mama akiita, nitaitika kwa sauti ya kuvuka maji.