Ngumi Nyuma ya Mgongo

Jumanne, 14 Oktoba

Tumeshinda raundi ya kwanza! Mimi na Shoto — mwezi wa pili tu tangu tuanze kucheza tenisi ya wawili pamoja, na watu walisema tutatolewa siku ya kwanza. Ukumbi hauna hata dirisha, kila kishindo cha mpira kinakurudia masikioni. Goti limenyamaza. Nalishukuru.

Alhamisi, 16 Oktoba

Robo fainali, tumepita. Lakini kwa aibu! Shoto akianzisha mpira, mimi niko wavuni, nampa ishara nyuma ya mgongo: ngumi, nabaki; kiganja, navuka upande wa pili. Ndivyo tulivyokubaliana. Leo mara tatu nimekunja ngumi, kisha nikavuka. Tukajikuta wawili upande mmoja kama watu wanaogombea mlango, upande wa pili mtupu.

Kwa kaka yangu ngumi ilikuwa kuvuka. Miaka kumi na moja tulicheza pamoja, hadi mgongo ulipomstaafisha. Kichwa changu kimebadilika, mkono mbishi.

Shoto hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kocha kanivuta kando: kuna mchezaji anamtaka Shoto msimu ujao, na Shoto atatoa jibu mashindano yakiisha. Nimeumia. Miaka thelathini na saba — nani mwingine atanichukua? Akiondoka, natundika raketi.

Mke wangu kwenye simu: kwani ameshasema anaondoka? Basi nile, nilale.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nusu fainali. Seti moja moja, sasa ile ya kuamua, ya pointi kumi. Tunaongoza nane kwa saba, Shoto anaanzisha. Nikakunja ngumi, nikavuka. Tena! Nane kwa nane. Kisha taa zote — pu! Giza totoro, saa tisa mchana. Tumerudishwa vyumbani, naandika kwa tochi ya simu.

Shoto alikuwa koridoni, simu sikioni, ananong'ona. Nikajua ni yule anayemtaka.

Kumbe ni kaka yangu! Shoto amemuuliza ishara zetu za zamani, moja moja. Anasema mkono wangu ni mzee, haufundishiki, bora ajifunze yeye. Na msimu ujao ni mrefu, atazizoea.

Msimu ujao!

Nimejifanya nafunga kamba za viatu, na tayari zilikuwa zimefungwa.

Taa zimewaka. Mwamuzi anatuita. Shoto bado ana mpira mmoja wa kuanzisha, mimi wavuni. Ngumi, navuka —