Oili Inapungua Kondoa, Inajaa Dodoma

Jumatatu, 11 Oktoba 1954

Nimepima oili, maji, upepo wa matairi. Vyote sawa. Leo kupakia karanga, kesho safari ya Kondoa. Banda la gari limejaa magunia mpaka juu. Tajiri wangu, Bwana Mohanlal, ameligeuza ghala tangu mwezi uliopita. Lori sasa linalala uani, karibu na lango.

Mzee Saidi, fundi wetu wa miaka mingi, amestaafu, karudi kwao Tabora. Mahali pake kaja Elia. Kijana mpole. Mpole mno. Watu wapole mno huwa nawaangalia mara mbili.

Na Elia huyu huyu ndiye anayemtaka mdogo wangu Foibe. Baba hayupo tena, kwa hiyo maneno yote ni juu yangu. Mshenga wake, Mzee Yoeli, ameleta mbuzi wa kufungua mazungumzo. Mbuzi nimempokea. Ndiyo bado sijaitoa.

Jumamosi, 16 Oktoba

Leo kubadilisha oili, pale pale lori linapolala uani. Elia kafungua kizibo cha chini, oili chafu ikatoka yote, kafunga. Kaanza kumimina mpya. Kopo la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilipofika nusu akasimama. Kachomoa kijiti cha kupimia, kapangusa, karudisha, kachomoa tena, kanionyesha. Alama ya juu kabisa.

"Injini imeshiba, kaka," akasema.

Imeshiba. Mzee Saidi alikuwa anamimina makopo manne, na la nne alilikamua mpaka tone la mwisho. Injini ni ile ile. Leo imeshiba kwa matatu na nusu. Nusu iliyobaki Elia kaenda nayo kwake. Mabaki ya kopo ni ya fundi, ndiyo desturi ya gereji na tajiri anaijua. Lakini siku za Mzee Saidi mabaki hayakuwapo.

Nimemweleza tajiri. Kafurahi. Gari linalokula kidogo nani asiyelipenda. Nimebaki na wasiwasi wangu peke yangu.

Jumatano, 20 Oktoba

Kondoa. Njiani, kwenye vilima, mshale wa geji ya oili ulitetemeka, ukashuka. Moyo wangu nao ukashuka. Injini ya dizeli ikifa kwa kukosa oili, hakuna anayeulizwa ila dereva. Kibarua kitaota nyasi, na nyumba nzima inanitazama mimi.

Nilisimama sokoni, nikaacha injini ipoe, nikapima. Kijiti kinasoma karibu na alama ya chini. Nikapima tena. Vile vile. Nikalala chifudifudi kutazama chini ya lori. Hakuna hata tone lililovuja. Maduka ya hapa hayana oili yetu. Nitarudi polepole, nikiomba Mungu.

Ijumaa, 22 Oktoba

Jana jioni nimefika Dodoma, lori nimelilaza langoni. Asubuhi nimepima. Alama ya juu.

Sikuongeza hata kijiko. Basi kaongeza nani? Anayefika kazini wa kwanza ni Elia. Mwenye ufunguo wa stoo ni Elia. Sasa naona yote. Anaiba oili, kisha lori likirudi anajaza alfajiri ili nisijue. Kabla halijaondoka anaikinga tena. Mwizi wa namna hii ni hatari, maana ana akili.

Jumapili, 24 Oktoba

Baada ya ibada nimepita njia ya Zuzu, makusudi. Elia anajenga tembe lake huko. Nguzo amekwishazisimika. Huku sote tunapaka nguzo oili chafu kuzuia mchwa, na nguzo zote za Dodoma ni nyeusi. Za mlango wake zina rangi ya asali. Oili mpya kabisa.

Alikuwa juu anapanga miti ya dari. Akanipungia mkono. Nikajifanya natazama ng'ombe wa watu.

Ijumaa, 5 Novemba

Safari hii nimeweka mtego. Kondoa kijiti kilisoma chini, kama nilivyotegemea. Jana nilipofika uani nikachukua uzi mweusi wa Foibe, nikafunga kifuniko cha oili kwa fundo langu mwenyewe. Anayefungua lazima akate.

Leo asubuhi uzi mzima. Fundo lile lile. Nikachomoa kijiti. Oili imejaa.

Nimekaa kwenye bampa, kijiti mkononi. Kisha nikapata jibu. Ameona uzi, amefungua fundo taratibu, amemimina, amefunga tena kama lilivyokuwa. Mtu anayefungua injini nzima na kuifunga, fundo la uzi litamshinda?

Foibe kauliza uzi wake umekwenda wapi. Nikamweleza mambo yote ya Elia. Hakulia wala hakubishana.

"Kaka," akasema, "wewe ukiletewa ugali utataka kuhesabu punje za uwele."

Jumapili, 7 Novemba

Nimerudisha mbuzi. Nimemwambia Mzee Yoeli kwamba binti yetu hatumtoi kwa mtu ambaye mikono yake siiamini. Kauliza mikono imefanya nini. Nikasema oili. Mzee kashika kamba na kuondoka na mbuzi wake.

Foibe hakula. Anapasua kuni kwa nguvu kuliko kuni zinavyotaka. Namhurumia, lakini afadhali alie sasa kuliko alie akiwa na watoto.

Jumatatu, 15 Novemba

Elia bado ananiamkia shikamoo kila asubuhi, sauti ile ile. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Leo nimemkuta kwenye lori langu, kainama, anachungulia chini ya kiti cha dereva. Nikamuuliza anatafuta nini. Kasema spana. Spana alikuwa nayo mkononi.

Jumatano, 24 Novemba

Kondoa tena. Chini. Mshale umeshuka mara tatu kilimani. Akili imechoka. Nikifika nitamwambia tajiri achague, Elia au mimi.

Jumamosi, 27 Novemba

Mvua ya kwanza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ghala, namsubiri tajiri, maneno yangu yote nimeyapanga. Ikaja ghafla, kubwa, watu wakatoka nje kuipokea. Hata tajiri katoka na miwani yake ikalowa. Mimi nilikuwa natazama lori.

Maji yalikuwa yanatoka nyuma ya lori, yanapita chini yake, yanakimbilia puani, kisha langoni. Yote. Hakuna yaliyorudi nyuma.

Ua huu nimeukanyaga miaka mingi nikijua ni tambarare. Si tambarare. Lori linalala limeinamisha pua, na kijiti chetu kipo mbele ya injini. Oili yote inakimbilia kijitini. Sokoni Kondoa ni tambarare, kijiti kinasema kweli. Ndani ya banda sakafu ni ya saruji, imenyooka, na huko ndiko Mzee Saidi alikokuwa akimimina makopo manne yakaingia manne.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyejaza. Uzi haukufunguliwa na mtu.

Tajiri kaja kaniuliza nilitaka kusema nini. Nikasema mvua ni njema. Nimelowa chapachapa na nimeona aibu.

Jumatatu, 29 Novemba

Nimemwita Elia. Tumepeleka lori kwenye uwanja wa kupakia mizigo karibu na stesheni. Tukaweka karai la maji chini, maji yakalala sawa pande zote. Tukangoja oili itulie. Kijiti kikasoma chini. Elia kakitazama mara mbili. Kisha kamimina nusu kopo, na oili ikafika alama ya juu. Makopo manne. Ndicho kipimo cha injini hii.

"Elia, nilikudhani mwizi," nikasema. "Nisamehe."

Akawa anapangusa kijiti, anapangusa tu.

"Mimi pia, kaka. Niliposikia unalalamika oili inapungua Kondoa, nilijua unaikinga na kuiuza huko. Nilikuwa natafuta kopo chini ya kiti chako."

Nilikasirika. Mimi, mwizi? Miaka yote hii? Kisha nikakumbuka uzi wa Foibe. Tukacheka, yeye kwanza.

Tajiri amenung'unika, lakini magunia yatasogezwa. Oili itabadilishwa bandani.

Jumapili, 5 Desemba

Mvua kidogo asubuhi. Mzee Yoeli kaja na mbuzi. Nimepokea kamba mkononi mwake. Ndiyo nimeitoa.

Foibe anaimba jikoni.

Mzee alipoondoka nilimkagua mbuzi. Pembe ya kushoto fupi, sikio lina mkato. Ni yule yule. Nimemfunga mwenyewe, mafundo mawili.